Tairi Kubwa na Hesabu ya Wakili

Jumapili ya 25 ya Mwaka C



Injili ya leo, Luka 16:1-13, yaanza kwa mashtaka. Wakili anasemwa kwa bwana wake kwamba anaitapanya mali, naye anaitwa atoe hesabu. Kwa miaka mingi nimehubiri juu ya ujanja wa mtu huyo, jinsi alivyowaita wadeni na kupunguza hati zao. Leo niruhusuni nisimame pale mwanzoni, kwenye mashtaka yenyewe, kwa maana mimi nami nina deni hapo. Deni hilo lahusu pikapu ya parokia, matairi manne na dereva mmoja.

Wanaozijua njia za vijijini upande wa Magamba wakati wa masika hawahitaji maelezo mengi. Malori ya mahindi na mpunga yakipita katika udongo mweusi uliolowa huacha mifereji miwili mirefu, na katikati hubaki tuta. Gari dogo likiingia humo magurudumu hushuka, na difu hukaa juu ya tuta kama kuku aatamiaye. Mara ngapi nimefika kigangoni saa nane kwa Misa ya saa nne, kanzu ikiwa imefungwa kiunoni na tope hadi magotini!

Basi mwezi Machi 2022 mfadhili mmoja alitupatia matairi manne yaliyokuwa ya gari kubwa kuliko letu, ya kipimo cha 7.50-16. Yetu yalikuwa 205R16. Rimu zetu zilikuwa za inchi 16, na hayo nayo yalikuwa ya inchi 16. Nikaona namba hiyo ikilingana, yote yamelingana. Fundi alinionyesha kibandiko kilichokuwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, palipoandikwa kipimo cha tairi na upepo wake. Nikamwambia, «Wewe funga tu.» Namba 16 ni tundu la katikati tu, yaani mahali rimu inapokaa. Kimo cha tairi lenyewe ni jambo jingine. La zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 742 hivi, na lile jipya 805 hivi.

Faida tuliiona mara moja, wala siikani. Ekseli ilinyanyuka sentimita tatu, na sentimita tatu katika tope ni rehema. Hasara nazo hazikuchelewa. Dereva akikata usukani hadi mwisho, tairi lilisugua madigadi. Vilima tulivyozoea kuvipanda kwa gia ya tatu vikataka gia ya pili, kwa kuwa gurudumu kubwa humwongezea injini mzigo, na breki nazo zikahitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi. Hayo yote tuliyasikia na kuyaona. Liko moja lililokaa kimya.

Mita ya gari haiioni barabara. Huhesabu mizunguko tu, kisha huigeuza kuwa kilomita kwa kuamini kwamba gurudumu ni lile lile lililotoka nalo kiwandani. Tairi la zamani lilizunguka mara 429 hivi katika kilomita moja. Hili kubwa lilizunguka mara 395 tu. Kwa hiyo gari lilikwenda kilomita 100, na mita ikaandika 92. Mwendo nao ulidanganya vivyo hivyo: mshale ukionyesha 80, sisi tulikuwa tunakimbia 87.

Mwezi Agosti Halmashauri ya Walei ilikagua daftari la gari. Tulikuwa na kanuni yetu, lita moja kwa kilomita nane, nayo ilikuwa kanuni ya haki kwa miaka mingi. Kwa miezi sita mita ilionyesha kilomita 6,000, kwa hiyo dizeli ilipaswa kuwa lita 750. Stakabadhi zilionyesha 814. Lita 64 zimekwenda wapi? Madumu matatu na ushei! Dereva aliulizwa. Akajibu mara moja tu, «Padre, mafuta ya Kanisa mimi sijachukua.» Iliamuliwa akatwe mshahara kwa miezi mitatu, nami nikatia sahihi.

Kisha ikaja Jumapili hii hii ya 25, tarehe 18 Septemba 2022, na Injili hii hii. Naye alikuwapo kanisani, benchi la tatu, pamoja na mkewe. Sikumtaja jina. Nilisema tu kwamba hata magari ya Kanisa yana mawakili wake. Vichwa viligeuka. Niliviona vikigeuka nikiwa mimbarini, nikaendelea kuhubiri. Kabla ya mwezi kwisha alinikabidhi ufunguo, akarudi nyumbani kwake Magamba kulima mpunga.

Mwezi Oktoba nilikwenda huko kwa Misa, na baada yake katekista akaomba tupime kiwanja cha kigango. Sisi wakulima tunajua, ekari ni hatua 70 kwa 70. Kijana mmoja mrefu akapima, akachomeka kijiti. Mwenzake mfupi akarudia, akahesabu 70 zake, akachomeka cha kwake mbali kabisa na cha kwanza. Watoto wakacheka. Katekista, mzee wa maneno machache, akasema, «Padre, hatua za huyu si hatua za yule. Tuchague mpimaji mmoja.» Pikapu ilikuwa imesimama chini ya mwembe. Nikaitazama miguu yake mirefu, nikanyamaza.

Jioni hiyo niliporudi nilichukua chaki na utepe wa seremala. Mfadhili alitupa matairi manne, kwa hiyo tairi la akiba lilikuwa bado lile la kipimo cha zamani. Nikalitia alama, nikalibingirisha uani zunguko moja kamili: mita 2 na sentimita 33. Nikafungua moja la yale makubwa, nikafanya vivyo hivyo: mita 2 na sentimita 53. Nikaketi ngazini na daftari. Kilomita zile 6,000 zilikuwa zaidi ya 6,500. Zigawanye kwa nane, utapata lita 814. Haikupotea hata moja. Na kwa kuwa tairi zito hunywa mafuta zaidi, yule mtu alikuwa akituwekea akiba kwa uendeshaji wake.

Nabii Amosi, katika somo la kwanza la leo, anawakaripia wafanyabiashara waliopunguza kipimo kwa makusudi. Mimi sikukusudia. Lakini niliyebadili kipimo ni mimi, nilionywa na fundi sikusikia, na aliyehukumiwa kwa kipimo hicho ni mwingine.

Fedha zake zilirudishwa zote. Kwa kuwa vichwa viligeuka kanisani, ilinipasa kusema kanisani, nikasema, na siku hiyo sauti yangu haikuwa ya kuhubiri. Kisha nikaenda Magamba. Nilimkuta akitengeneza majaruba kabla ya mvua. Nilimweleza habari za chaki, mizunguko na lita 814, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza huku jembe likiwa begani. Kimya kilikuwa kirefu, ndugu zangu. Mwishowe akauliza, «Na lile la akiba, Padre, mmelibadili?»

Nikamjibu kwamba bado.

«Siku likifungwa nyuma pamoja na kubwa, hayo mawili hayatazunguka sawa, na difu litaungua,» akasema. «Msiliendeshe hivyo. Nitakuja keshokutwa tuyarudishe yote ya kipimo chake.»

Tumsifu Yesu Kristo.