MICHEZO YA SHULE NA CHETI CHA MCHEZAJI

Mtu atokaye Nkungu, wilayani Rusizi, akifuata barabara kuu ya kwenda Huye, hana budi kuukata msitu wa Nyungwe. Ndiyo njia ambayo mwanafunzi wa Nkungu angeipita mwezi Agosti 2023, vijana wa shule za sekondari za Afrika Mashariki walipokutana Huye kushindana.

Michezo hiyo, ambayo shirikisho lake hujulikana kwa kifupi FEASSSA, hufanyika kila mwaka, na nchi hupokezana uenyeji. Mwaka 2017 ilikuwa Gulu, 2018 Musanze, 2019 Arusha. Kisha ukaja ugonjwa wa Uviko-19, na kwa miaka 2 viwanja vikawa kimya. Arusha ikafungua tena milango mwaka 2022; baada ya Huye ikafuata Uganda mwaka 2024, na Kakamega mwaka 2025. Shule ya St. Mary's Kitende ya Uganda imejijengea jina katika kandanda. Kenya, kwa upande wake, huogopwa katika raga na mpira wa wavu wa wasichana.

Majeshi ya Jumuiya nayo yana michezo yake, na Kigali ilikuwa mwenyeji mwaka 2016. Kwa hiyo askari hahitaji kuelezwa faida ya kushindana na jirani bila uadui. Lakini iko tofauti moja. Askari anayeingia uwanjani ana namba yake ya jeshi, na kikosi kizima kinamfahamu. Mwanafunzi hutambuliwa kwa cheti cha kuzaliwa na daftari la mahudhurio, na karatasi hizo mtu mwenye hila huweza kuzighushi.

Hapo ndipo penye kero ya miaka mingi. Shule yenye fedha humtafuta mchezaji hodari, pengine aliyekwisha kupita umri wa shule, pengine kutoka nchi nyingine, ikamvika sare kwa msimu mmoja. Kombe hupatikana. Anayelipa gharama ni kijana wa shule ya tarafani kama Nkungu, aliyeamka alfajiri kufanya mazoezi, kisha akaambiwa nafasi imejaa. Jina lake halimo katika malalamiko yoyote, kwa kuwa hakufika hata mahali pa kulalamika.

Rusizi ni wilaya ya mpakani. Ng'ambo ya mto uko mji wa Bukavu, na Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, miaka 15 baada ya Rwanda na Burundi. Kadiri Jumuiya inavyopanuka, ndivyo kazi ya kukagua vyeti inavyokuwa nzito. Ukaguzi huo hauwezi kuachwa hadi asubuhi ya fainali, timu zikiwa zimekwisha kujipanga na watazamaji wamejaa. Mahali pake ni shuleni, mbele ya mwalimu anayemjua mtoto na wazazi wake, miezi kadhaa kabla ya basi kuondoka.