Maoni ya Msomaji Kabla ya Mwongozo: Riwaya za Ajabu na Mazingira Zinavyosomwa Unguja

Mada kwa semina ya walimu wa fasihi na wakutubi, Mji Mkongwe, Zanzibar



Nimeombwa nizungumzie maoni ya wasomaji kuhusu riwaya ya ajabu inayogusa mazingira na yenye migeuko isiyotarajiwa. Barua ya mwaliko imetaka nianze na istilahi, nami nitatii kwa ufupi.

1. Istilahi

Riwaya ya ajabu ni ile ambamo yasiyowezekana hutokea na msimulizi haombi radhi. Baadhi ya wahakiki wetu huiita ya uhalisia mazingaombwe. Mgeuko ni pale msuko unapomtoa msomaji kwenye njia aliyodhani anaijua. Taharuki tunaifundisha tangu sekondari. Uhakiki wa kiikolojia huuliza kama mti, mnyama na maji ni wahusika au ni mapambo tu ya hadithi. Haya mnayajua na sina la kuongeza.

Vitabu ninavyovikusudia ni Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi. Ningeweza pia kutaja Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, lakini hivyo viwili vya Kezilahabi ndivyo nilivyovisoma na watu wengi zaidi. Katika Nagona kuna paa anayefuatwa na hakamatiki. Katika Mzingile msimulizi anampelekea mzee mmoja khabari ya kufiwa na mwanawe. Baadaye dunia inateketea kwa silaha za nyuklia, wakabaki mwanamume na mwanamke wa kuanza upya.

Naomba tahadhari moja tu kabla sijaendelea. Neno "ajabu" halina kipimo kimoja kila mahali. Mtu akiandika riwaya yenye pundamilia wanaokimbia Unguja, tutasema amebuni. Lakini katika Pango la Kuumbi, Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati, wa zama ambazo kisiwa hiki kilikuwa kimeungana na bara.

2. Mwongozo unaotangulia kitabu

Hapa ndipo nilipo kwa miaka mingi, na Mwenyekiti aniwie radhi nikikaa.

Mwanafunzi wetu hasomi riwaya. Anasoma mwongozo. Akifika kwenye riwaya, kama atafika, keshaambiwa nani atakufa, dunia itateketea ukurasa gani, na kwamba dhamira ni "uharibifu wa mazingira, hoja sita". Mwandishi amehangaika kuuficha mgeuko wake, na kijitabu cha notisi kinautoa mstari wa kwanza. Kisha tunamuuliza kijana huyo: una maoni gani? Anatujibu kwa sentensi za mwongozo, nasi tunampa alama kwa kuzikumbuka.

Sisemi haya kumlaumu mwalimu yeyote. Darasa lina wanafunzi wengi, nakala za riwaya ni tatu au nne, na mtihani hausubiri. Nami nimefundisha kwa notisi. Lakini nitaeleza tulichokipoteza, kwa mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa mwanafunzi wangu wa kike katika chuo kimoja nisichokitaja. Mtihani wa ndani uliuliza kuhusu mwisho wa Mzingile. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka "matumaini na ujenzi wa jamii mpya". Yeye aliandika kwamba mwisho ule ni msiba mkubwa kuliko mlipuko wenyewe, kwa sababu hakuna bibi aliyebaki wa kuwaambia wawili wale mti upi ni dawa na upi ni sumu. Alipewa sifuri katika swali lile. Nilipeleka malalamiko, nikajibiwa kwa adabu kwamba hoja yake haimo katika mwongozo huo wa usahihishaji. Ni kweli haikuwamo. Sijapata kusoma sentensi ya uhakiki wa kiikolojia iliyonigusa kama ile, na aliyeiandika hakuwa amelisikia hata jina la uhakiki huo.

Wa pili ni wa mzee mmoja wa upande wa Muungoni, jirani na msitu wa Jozani. Tulikuwa tukimsomea yeye na wenzake Nagona kwa sauti, jioni, barazani. Tulipofika kwa yule paa, vijana waliotoka mjini walisema ni ishara ya ukweli, kama walivyofundishwa. Mzee akasema, "Paa asiyekamatika, mwanangu, si paa. Huyo ana mwenyewe." Akaacha habari ya paa akaingia ya chui.

Wengi mnaijua. Chui wa Unguja alikuwa wa kisiwa hiki, na watu wa shamba wakisema kuwa wako wa mwituni na wako wanaofugwa na wachawi, wanaotumwa usiku kutia watu hofu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao. Watafiti Helle Goldman na Martin Walsh wamezikusanya simulizi hizo kwa miaka. Chui akahesabiwa kuwa ametoweka, hadi 2018 ilipotangazwa kwamba kamera ya watengeneza filamu imenasa mnyama anayedhaniwa kuwa ni yeye. Basi yule mzee alikuwa akisoma Nagona kwa ujuzi ambao darasa langu halina. Alielewa kwamba mnyama anapopewa "mwenyewe" wa kichawi, kumuua kunakuwa halali, hata wema. Kisha akauliza swali ambalo sijapata jibu lake: huyo anayemfukuza paa katika kitabu, akimpata, atamfanya nini? Jozani tuna paa nunga, mmoja wa paa adimu kabisa duniani. Swali lake halikuwa la falsafa peke yake.

Mwongozo ungesemaje juu ya mzee huyu? Ungeandika "imani potofu". Neno hili nimelikuta mara nyingi mno, na linanikera. Vijiji vya kusini vina vichaka vilivyosalia kwa sababu ni mizimu, pasipokatwa kuni. Mwanafunzi anayefundishwa kuandika "ushirikina" kila aonapo mzimu anafundishwa pia kutokiona kichaka.

Wa tatu ni wa wakulima wa mwani, wanawake wa Jambiani. Tuliwasomea kuteketea kwa dunia katika Mzingile. Nilitaraji watashtuka. Bi mkubwa mmoja akasema mwandishi amekosea: "Kotonii ilipokufa hapakuwa na mlio. Inakwenda kidogo kidogo, kila bamvu." Alikuwa anasema juu ya aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, ikawashinda maji yalipozidi joto. Kwake mgeuko wa riwaya ulikuwa rahisi mno, kwa sababu msiba wa kweli haumgeukii mtu ghafla. Hayo ni maoni ya msomaji. Yanapingana na kitabu kwa heshima na kwa ushahidi, na hayamo katika mwongozo wowote nilioupata madukani.

3. Mapendekezo

Mwongozo usitolewe darasani kabla riwaya haijasomwa hadi mwisho. Najua ugumu wake.

Mwalimu asimamishe kisomo kabla ya mgeuko, kila mwanafunzi aandike anachodhani kitatokea, kisha kisomo kiendelee. Karatasi hizo zihifadhiwe. Nimefanya hivi kwa miaka tisa na ndipo nilipoanza kusikia sauti za wanafunzi.

Kila mtihani wa riwaya uwe na angalau swali moja lisilo na jibu lililotayarishwa, na msahihishaji aruhusiwe kuipa alama hoja isiyomo katika mwongozo wa usahihishaji. Hili nimeliomba kwa maandishi zaidi ya mara moja na ninaliomba tena hapa, kwa unyenyekevu.

Maneno "imani potofu" na "ushirikina" yasitumiwe kama jibu. Mwanafunzi aulizwe mzimu ule unalinda nini.

Maktaba ziweke daftari la maoni kando ya riwaya, na wakutubi wayapokee kwa lugha ya msomaji mwenyewe, bila kuisanifisha.

Usomaji wa sauti upelekwe shamba: Muungoni, Jambiani, Makunduchi, Nungwi. Asiyejua kusoma ahesabiwe kuwa ni msomaji.

Nakala za vitabu ziongezwe. Bila nakala, pendekezo la kwanza halitekelezeki, na tutarudi kwenye notisi.

Taasisi zetu, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zifikirie kukusanya maoni haya pamoja, kwa wakati na kwa namna zitakazoona inafaa.

Na mwongozo, narudia, uje baada ya kitabu.

Madaftari yangu manne ya maoni ya wasomaji nimekuja nayo. Yako mezani kwa katibu, na anayetaka kunakili anakaribishwa wakati wa chai.