Kanuni ya Berlin na Watu wa Nyasa

Tarehe 1 Januari 1900 Ujerumani ilianza kutumia Bürgerliches Gesetzbuch, kanuni yake ya sheria za madai. Ina vifungu 2,385 katika vitabu vitano: kanuni za jumla, madeni na mikataba, mali, familia, na mirathi. Kuiandaa kulichukua zaidi ya miaka 20, na Japani na Ugiriki ni miongoni mwa nchi zilizochota humo. Hakimu wa Kijerumani huanza na kifungu ndipo atazame kesi zilizotangulia. Wakili aliyesomea Dar es Salaam, aliyezoea kusaka maamuzi ya Mahakama ya Rufani, huona utaratibu huo mgeni kabisa.

Mwaka ule wa 1900 Mbinga, Liuli na Mbamba Bay, upande wa Ziwa Nyasa, zilikuwa chini ya bendera ya Ujerumani. Kanuni hiyo ilifika, ila haikuwafikia wote. Sheria ya makoloni ya 1900 iliwapa Wazungu sheria za madai na jinai za kwao, pamoja na mahakama zenye majaji waliosomea kazi hiyo. Wenyeji waliachwa nje mpaka Kaisari aamue vingine. Walowezi wawili wakigombania bei ya mashua huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, wangehukumiwa kwa vifungu vya Berlin. Mvuvi wa Kinyasa mwenye deni alipeleka shauri lake bomani Songea, na aliyelisikiliza ndiye huyohuyo aliyekusanya kodi na kuamuru askari.

Agizo la Kansela la 22 Aprili 1896 linaonyesha jinsi mambo yalivyopangwa. Liliruhusu faini, kifungo cha kazi ngumu, minyororo, kifo, na viboko visivyozidi 25 kwa mkupuo mmoja. Watu waliviita hamsa ishirini. Wanawake hawakutakiwa kuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Mwafrika mwanamume, aliyekuwa na akili timamu na mali yake kama wengine, alichapwa. Hilo halikuwa kosa la ofisa mmoja mkali. Liliandikwa, likatiwa saini, likachapishwa. Nchi iliyojivunia sheria iliyo wazi kwa kila raia ilijiwekea pia sheria ya kuwabagua watu.

Songea iliuona ukali wa utawala huo. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya Vita vya Maji Maji vya kuwapinga Wajerumani kufika Ungoni, nchi ya Wangoni, watawala wa jadi na wapiganaji zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama akiwamo, walinyongwa hapo. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika mjini humo akaomba msamaha.

Ardhi nayo ilikuwa na karatasi yake. Amri ya 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi, mtemi au jumuiya ya wenyeji wangethibitisha haki yao. Mmatengo hulima ngolo kwenye miteremko, akichimba mashimo ya kuzuia maji yasikokote udongo. Kwa jirani yake, shamba lililopumzishwa lina mwenyewe. Kwa mgeni aliyekuja na ramani, ni pori.

Mwingereza alipokuja, tarehe 22 Julai 1920 ikawa siku ya kupokewa kwa sheria za Kiingereza Tanganyika, na kanuni ya Berlin ikaondoka mahakamani. Mkataba wa 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani haukuondoka. Unaupitisha mpaka kwenye fukwe za mashariki, kaskazini na magharibi mwa Ziwa Nyasa hadi mto Songwe. Malawi inausoma hivyo, na kudai maji yote ya upande huo. Tanzania inasisitiza mstari wa katikati ya ziwa, na ibara ya 6 ya mkataba uleule inaruhusu mipaka irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali. Mahitaji ya mahali, kwa wilaya ya Nyasa, ni samaki kama usipa na mbasa, maji ya kunywa na njia ya meli. Wakazi wa Liuli na Mbamba Bay hawakuulizwa mwaka 1890. Katika mazungumzo yajayo wanastahili kuitwa mezani.