MOSHI IKIWA JIJI, MPUNGA TUTALIMA WAPI?

(Hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha vijana)



Nianze na namba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 Manispaa ya Moshi. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 221,000. Eneo ni lile lile, karibu kilomita za mraba 59. Ndiyo maana kila hoja ya jiji ikiibuka, macho yanatazama nje ya mpaka.

Sasa huko nje kuna nini? Kaskazini ni vihamba vya migomba na kahawa, vimegawanywa baba kwa mtoto mpaka vingine havitoshi hata nyumba mbili. Kusini, kule Mabogini na Chekereni, kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Ukimwaga zege juu ya jaruba, jaruba halirudi.

Jamani, mimi sipingi jiji. Napinga jiji lisilo na mpango. Kijiji kikigeuzwa mtaa, hakibadiliki jina tu. Chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo inawajibika kwa mkutano mkuu. Serikali ya mtaa haina mamlaka hayo. Yule mama mwenye jaruba anaamka asubuhi, ardhi yake inapangwa na watu asiowahi kukaa nao kikao.

Tudai mambo matatu. Moja, mpango kabambe uyaandike mashamba ya umwagiliaji kuwa ardhi ya kilimo, na uheshimiwe. Mbili, manispaa ijaze kwanza viwanja vilivyolala katikati ya mji, ijenge kwenda juu. Tatu, hakuna mpaka kusogezwa kabla wananchi hawajaulizwa.

Na sisi tusiishie kupiga kelele mtandaoni. Sheria Na. 6 ya 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Una miaka 18 na unaishi kijijini? Basi wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu. Nenda. Omba muhtasari. Uliza mpango uko wapi. Kama haupo, anzeni kuudai siku hiyo hiyo, maana dalali hasubiri.

Tukutane kwenye mkutano wa kijiji.