Kuhesabu Wagonjwa ni Kazi ya Chama Pia

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi. Katibu ameomba yapigwe chapa ili ndugu waliokuwa zamu nao wayasome.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya afya. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa njia ya reli, kazi yangu ni mataruma na kokoto, na elimu yangu ni ya shule ya misheni, madarasa ya chini tu. Lakini mlinichagua katika kamati ya usalama na afya, na mtu akichaguliwa hana budi kujifunza.

Katika tawi letu wako wazazi ambao watoto wao wanasomea kazi ya Bwana Afya. Tangu mwaka 2013 nchi yetu ina sheria inayotaka watu wa kazi hiyo wafundishwe, waandikishwe na kupewa leseni kabla ya kuifanya. Nikauliza: kijana huyo anapaswa kujua nini hata athibitishwe? Nimeona ya kwamba mambo ya msingi si mengi, na karibu yote yanatuhusu sisi tukaao katika landhi. Kwa hiyo nitayaeleza kwa maneno ya kwetu.

Kwanza, tofauti ya daktari na Bwana Afya. Daktari humwuliza mtu mmoja, “Unaumwa wapi?” Bwana Afya huuliza, “Ni wangapi wanaumwa? Ni akina nani? Wanakaa wapi? Walianza lini? Na jirani zao wasioumwa, wana tofauti gani nao?” Daktari humtibu mtu. Bwana Afya huutibu mtaa.

Sisi watu wa reli tungepaswa kulielewa neno hili kuliko wengine. Kila mtoto wa Kenya amesikia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Lakini Wahindi waliokufa katika kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani, baina ya 1896 na 1901, wanahesabiwa kuwa 2,493. Mkuu aliyewaua simba wale aliandika ya kwamba waliliwa Wahindi 28. Hao wengine waliuawa na nini? Waliuawa na maradhi na ajali. Simba ameandikiwa vitabu, lakini maji machafu hayakuandikiwa kitu. Ndivyo ilivyo hata leo: hatari yenye kishindo hutuamsha usiku, na hatari iliyonyamaza tunaishi nayo nyumba moja.

Sasa nitawapa mfano ambao kila anayesomea kazi hii hufundishwa. Mwaka 1854, katika mji wa London, kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho. Kilianza kwa nguvu tarehe 31 Agosti, na kabla hakijaisha watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa. Siku hizo wakubwa wengi na madaktari wengi waliamini ya kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza wafu walikunywa maji ya wapi. Akaona ya kwamba wengi walichota katika bomba moja la barabara iliyoitwa Broad Street.

Lakini sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye habari ya wafanyakazi. Katika barabara ile kulikuwa na kiwanda cha fataki za bunduki, chenye watu kama 200. Mwenye kiwanda aliwawekea mapipa ya maji ya bomba lile wapate kunywa. Wakafa 18. Karibu na hapo palikuwa na kiwanda cha pombe, chenye wafanyakazi kama 70. Hao walipewa pombe yao ya kila siku, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hakufa hata mmoja. Barabara ilikuwa moja, hewa ilikuwa moja, harufu ilikuwa moja. Maji ndiyo yaliyokuwa mbali mbali.

Snow akawaendea wazee wa mtaa akawaeleza, nao wakatoa amri mpini wa bomba uondolewe tarehe 8 Septemba. Yeye mwenyewe alisema kwa haki ya kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Baadaye ilionekana ya kwamba shimo la maji machafu, ambamo maji ya kufulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa, lilikuwa karibu sana na kisima kile na lilikuwa likivuja. Hakuna aliyekuwa amethibitisha mdudu wa kipindupindu wakati huo. Ilikuwa bado miaka 30 hivi mpaka Robert Koch alipomthibitisha. Snow alipata ukweli kwa miguu yake, kalamu na hesabu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kusini ya London kampuni mbili ziliuza maji. Moja ilichota mto Thames mahali pachafu, ndani ya mji. Ya pili ilikuwa imehamisha bomba lake mwaka 1852, ikachota juu zaidi penye maji safi. Katika nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza walikufa watu 1,263. Katika nyumba 26,107 za kampuni ya pili walikufa 98. Snow hakutazama idadi ya wafu peke yake. Aliigawa kwa idadi ya nyumba. Akapata ya kwamba kwa kila nyumba 10,000 kampuni ya kwanza iliua watu 315, na ya pili 37.

Ndugu zangu, hilo la kugawa ndilo jambo la kwanza la elimu hii. Tuseme landhi moja ina vyumba 40 na watu 8 wanahara. Landhi nyingine ina vyumba 10 na watu 4 wanahara. Wapi pabaya zaidi? Mtu wa haraka atasema ni pale penye 8. Lakini 8 katika vyumba 40 ni mmoja kwa kila vyumba vitano, na 4 katika vyumba 10 ni wawili kwa kila vyumba vitano. Kwa hiyo pale pa 4 pana hatari mara mbili. Mkubwa akituambia, “Ninyi wagonjwa wenu ni wachache,” tumwulize, “Wachache kati ya wangapi?”

Jambo la pili ni kinga. Hufundishwa kama kuta tatu. Ukuta wa kwanza ni kuuzuia ugonjwa usiingie: maji safi, choo kizuri, chanjo. Ukuta wa pili ni kuugundua mapema kabla haujamharibu mtu. Ukuta wa tatu ni kumtunza aliyekwisha kupata madhara asizidi kuumia. Ukuta wa kwanza ukiwa imara, kazi ya kuta nyingine inapungua.

Tazameni ndui. Ugonjwa huu uliwaua watu tangu zama za kale. Mwaka 1796 Mwingereza Edward Jenner alionyesha ya kwamba chanjo inaweza kuuzuia. Mtu wa mwisho duniani kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Jina lake ni Ali Maow Maalin, naye alikuwa mpishi wa hospitali, mfanyakazi kama sisi. Akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kwamba ndui imekwisha. Haukwisha kwa sababu dawa ya kuuponya ilipatikana. Ulikwisha kwa sababu watu walichanjwa, na kila mgonjwa akatafutwa hata katika mahema ya jangwani.

Kipindupindu hakijaisha. Kiliingia Kenya katika mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mgonjwa huweza kukipata kwa saa chache au siku tano tangu amelamba uchafu huo. Asipotibiwa huweza kufa kwa kukaukiwa na maji, na mkali wake huua kwa saa chache. Akitibiwa upesi, katika watu mia hafi hata mmoja. Basi kila nyumba ijue dawa hii ya kumsaidia anayehara wakati anapelekwa dispensari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Kama dispensari ina pakiti za dawa hiyo, hizo ni bora. Lakini msimwache nyumbani mkisema amepata dawa, apelekwe.

Jambo la tatu ni mazingira: maji, choo, taka, panya, mbu, vumbi, kelele. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima; kanuni inayofundishwa ni mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kazini kanuni ni hii: kwanza iondoe hatari yenyewe, usipoweza, izuie kwa mtambo au kwa kupanga kazi, mwisho kabisa ndipo umvike mtu vifaa. Tumezoea kupewa vifaa kwanza, kisha tunaambiwa mambo yamekwisha. Kitambaa cha pua hakilingani na kunyunyizia vumbi maji kabla halijapaa.

Jambo la nne ni tabia za watu. Hapa sina budi kusema neno ambalo wengine hawatalipenda. Mara nyingi ugonjwa ukiingia landhi, watu husema, “Wake za watu fulani ni wachafu,” au “Kabila fulani hawajui choo.” Maneno hayo hayajamponya mtu hata mmoja. Mtu huosha mikono ikiwa maji yapo. Mama mwenye debe moja la maji kwa watu sita atapika kwanza, nawe ungefanya vivyo hivyo. Kabla ya kulaumu mtu, tazama bomba.

Najua mahali pamoja ambapo kibarua wa jikoni alikuwa akihara naye akaendelea kuwapikia wenzake. Alijua ni vibaya. Lakini alilipwa kwa siku, na siku asipokwenda watoto wake hawali. Je, dawa ya mtu yule ni mahubiri ya usafi? Hapana. Dawa yake ni malipo ya siku za ugonjwa.

Na hili ndilo linanipeleka kwa jambo la tano, yaani sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema ya kwamba mfanyakazi akitimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake, ana haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini. Mapatano ya chama yanaweza kuongeza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati, na wafanyakazi wawemo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata afya, usafi wa makao na maji safi ya kutosha. Haya si maombi, ni haki iliyoandikwa. Lakini haki iliyoandikwa haiji mlangoni yenyewe kama barua; ni lazima mtu aifuate.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo manne.

1. Kila landhi ichague mtu mmoja wa kuweka daftari. Aandike tarehe, nambari ya chumba, ugonjwa, na bomba wanalotumia. Majina ya wagonjwa yasiandikwe, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake. Vyumba vyote vihesabiwe, hata visivyo na mgonjwa, maana bila hivyo hatuwezi kugawa.

2. Barua yetu kwa wakubwa juu ya vyoo na bomba lililovunjika isipelekwe kwa hasira tupu. Ifuatane na hesabu ya daftari. Kelele hujibiwa kwa kelele, lakini hesabu ni vigumu kuijibu kwa maneno.

3. Katika mazungumzo yajayo ya mapatano, malipo ya siku za ugonjwa kwa vibarua yawe mbele, hasa wapishi na wachota maji. Mkipewa kuchagua kati ya hilo na sare mpya, chagueni hilo.

4. Mtu akihara asifichwe. Mgonjwa aliyefichwa ni kama reli iliyokatika bila bendera nyekundu: dereva aja kwa kasi yote na abiria wake, naye hajui.

Wengine watasema hii ni kazi ya Bwana Afya, si ya chama. Nawajibu hivi: Bwana Afya hupita, nasi tunalala hapa. Yeye ni mmoja na landhi ni nyingi. Akija na kukuta daftari limeandikwa vizuri, kazi yake ya wiki moja itakuwa ya asubuhi moja, na amri atakayoitoa itakuwa na meno. Na wale wenye vijana wanaosomea kazi hiyo, wapeni daftari hilo walisome wakija likizo. Watajifunza humo mambo ambayo mtihani utawauliza.

Tumezoea kupigania shilingi. Ni vyema, tuendelee. Lakini shilingi ya nyongeza inayokwenda yote kwa dawa na mazishi si nyongeza. Chama kinachohesabu mishahara ya watu wake kinaweza kuhesabu wagonjwa wake pia.

Nimemaliza. Kama kuna maswali nitajibu ninayoyajua, na nisiyoyajua tutamwuliza Bwana Afya pamoja.