Plutoniamu haichimbwi mlimani
Mazungumzo na familia zilizohamishwa, Bunia



Tumekuja kwa ajili ya neno moja linalozunguka hapa: kwamba majirani wamewafukuza kwa sababu kilima chenu kina plutoniamu, na wao wanaichimba usiku. Wengine wameanza kuwahesabu watu wa kulipizia kisasi. Basi tusikilizane.

Plutoniamu haichimbwi. Dhahabu ya Mongbwalu iko ardhini tangu kuumbwa kwa dunia. Chuma vilevile, zebaki vilevile. Hizo ni elementi za asili. Lakini kuna elementi ambazo watu walizitengeneza wenyewe. Ya kwanza ni teknetiamu, iliyotambuliwa Italia mwaka 1937. Plutoniamu ilifuata Marekani, majira ya baridi ya 1940 na 1941. Ili kupata nyingi, uraniamu huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, mtambo wa gharama kubwa mno. Mtu mwenye sepetu na karai hawezi kuipata, hata achimbe miaka kumi.

Kongo inaingia kwenye uraniamu. Nyingi ya ile waliyotumia Wamarekani wakati wa vita ilitoka Shinkolobwe, Katanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Bomu la Nagasaki, tarehe 9 Agosti 1945, lilikuwa la plutoniamu. Labda ndiyo sababu jina hili linatutia hofu haraka.

Lakini elementi hizi zinaponya pia. Teknetiamu hudungwa mgonjwa ili daktari aone moyo, mifupa au figo kwa mashine. Kila baada ya saa 6 nguvu yake hupungua nusu, kwa hiyo haikai sana mwilini. Nyingine, ameresiamu, imo kidogo sana, chini ya punje ya vumbi, ndani ya baadhi ya vile vifaa vya darini vinavyolia moshi ukitokea. Pale darini haina shida. Kuivunja na kumeza au kuvuta unga wake ndiyo hatari.

Hapo tunawaomba wamama mtusikie vizuri, kwa sababu watoto wetu wanaokota vyuma vikuukuu vya kuuza. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, waokota vyuma walibomoa mashine iliyoachwa kwenye kliniki. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliotoka kwenye kinu, unang'aa buluu gizani. Watu waliugawana, wakaupaka mwilini. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6.

Mkiona chuma chenye alama ya majani matatu meusi juu ya manjano, msikiguse, msikipasue. Ondoeni watoto, mwambieni prezida wa kambi siku hiyohiyo. Na mtu akiwaletea chupa akisema ni plutoniamu ya kuuza, huyo ni mwizi wa franka zenu.

Picha ya alama tunaiacha ukutani, pale mnapochukulia chakula. Wenye maswali wabaki. Wazee wa kilima kile tutawaona kesho, tutawaambia maneno haya haya.