Sindano Mkononi mwa Mgonjwa

 

Sisi tulio wazima twajua kumwombea mgonjwa, na twajua kumpelekea maziwa, sukari na matunda. Lakini liko jambo ambalo mara nyingi hatulifikiri. Maumivu yanapoanza kupungua, huja taabu ya pili. Mtu aliyezoea kulima, kukama ng'ombe au kwenda kazini, sasa hulala mchana kutwa akitazama dari. Mfupa wa paja ukivunjika huweza kuchukua miezi 3, pengine zaidi, kabla ya kuunga vizuri. Katika siku hizo ndefu mgonjwa huanza kujiambia kwamba yeye ni mzigo tu, analishwa bure. Wazo hilo humdhoofisha hata kama jeraha lake linapona.

Leo twataka kusema habari ya vitu viwili vidogo, sindano na uzi.

Pengine mtu atasema kwamba kudarizi ni kazi ya wanawake. Haya, na tuwatazame askari. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, viliwaacha vijana wengi wakiwa vilema. Katika hospitali za Uingereza baadhi yao walifundishwa kudarizi wakiwa bado wanauguzwa. Askari 138, kutoka Uingereza, Australia, Kanada na Afrika Kusini, walidarizi pambo la kufunika mbele ya madhabahu ya kanisa kuu la St Paul's, London. Walishona sehemu zake wakiwa hospitalini, kisha sehemu hizo zikaunganishwa kuwa kitu kimoja, chenye ndege, maua na matawi ya mitende. Pambo hilo lilitumika katika ibada ya shukrani mwaka 1919. Mwaka 1940 bomu liliiharibu madhabahu, nalo pambo likawekwa mbali na macho ya watu kwa miaka mingi. Mwaka 2014 lilitolewa tena, na majina ya wale askari yamehifadhiwa hata leo.

Fikirini, ndugu zetu. Mikono iliyokuwa imeshika bunduki ilijifunza kutunga uzi katika tundu la sindano. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuimaliza kazi ile peke yake, lakini kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Kushona kwa mkono hakuna haraka, na hapo ndipo kunapomfaa mgonjwa. Vidole vilivyolegea hupata mazoezi. Akili inayohesabu mishono haipati nafasi kubwa ya kuhesabu hofu. Tena, mgonjwa hawezi kuuona mfupa ukiunga ndani ya plasta, lakini ua alilolianza jana analiona: jana lilikuwa na jani moja, leo lina mawili. Akikosea, hufumua na kuanza tena, wala hakuna anayemgombeza.

Basi, tuanze na kilicho chepesi. Leso yenye maua machache yaliyochorwa kwa penseli yatosha, pamoja na sindano yenye tundu kubwa na uzi wa rangi anayoipenda mgonjwa mwenyewe. Akae karibu na dirisha apate mwanga. Ashone kidogo, kisha apumzike. Mkono ukiuma, aache. Ikiwa mkono wenyewe ndio ulioumia, kwanza amwulize daktari. Wala tusimhimize amalize upesi, kwa maana hatukumletea kibarua.

Ninyi akina mama wa makanisa yetu, mnaodarizi vitambaa vya viti na vya meza, ujuzi huu mnao tayari. Twamkumbuka Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea. Mnapokwenda kumtazama mgonjwa, chukueni uzi pamoja na maombi. Keti naye, mwonyeshe mshono mmoja, nawe ushone wako. Mazungumzo mengine huwa rahisi mikono ikiwa na kazi, na mtu aliyenyamaza wiki nzima huenda akafungua moyo wake.

Nawe uliye kitandani, usijihesabu kuwa umekatwa kutoka katika kanisa. Kipande chako kinangojewa.

Na tuombe. Ee Baba, uwaponye wagonjwa wetu kwa saa yako, na uwape furaha katika kazi ndogo ya kila siku. Utufundishe sisi tulio wazima kukaa nao bila haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.